Kupatana Si Kufanana

Mwanamume akivaa shati la bluu, suruali ya bluu, soksi za bluu na kofia ya bluu, mitaani kwetu husifiwa kwamba "amemechi". Sifa hiyo mimi siikubali. Aliyejifunika rangi moja toka utosini hadi unyayoni hakuchagua, amerudia tu. Hupatana wawili walio tofauti, na rangi nazo ni vivyo hivyo.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Tunavyo vivumishi vya asili vya rangi tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingi zilizobaki tumezipa majina ya vitu: kijani ni ya majani, kijivu ni ya majivu, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni ya tunda lake. Hata wekundu uliokolea tumeuita damu ya mzee. Waliotoa majina hayo waliitazama rangi pale inapoishi, pamoja na jirani zake. Sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba mwembe haukupatana na ardhi uliposimama. Basi shati la kijani kilichokoza juu ya suruali ya rangi ya udongo halihitaji wakili.

Ujirani huo ulichunguzwa na mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mapazia ya kutundikwa ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikukoza. Alipozichunguza aliona rangi yake haina kasoro. Zilidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kueleza kanuni hiyo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikimbilie kulitupa shati lako. Shati la manjano lililopauka, likivaliwa na suruali ya kaki, huonekana chafu. Likivaliwa na bluu iliyokoza, hupata uhai.

Nakiri kwamba kuna mahali ambapo kufanana kunafaa. Kaunda suti, iliyopata jina kutokana na Kenneth Kaunda, Rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, hupendeza kwa sababu fundi hukata koti na suruali katika kitambaa kimoja. Lakini anayetafuta koti duka hili na suruali duka lile, akitumaini bluu zitakuwa moja, hupata bluu mbili zinazokaribiana bila kukutana. Huonekana kama mwenye suti mbili aliyepoteza nusu ya kila moja. Afadhali tofauti iliyo wazi kuliko mfanano uliokosewa.

Ugomvi wangu mkubwa uko kwenye ile amri kwamba mkanda na viatu lazima viwe rangi moja. Ni amri iliyokuja na suti za Ulaya, nayo haina ubaya kwa mwenye mikanda miwili. Lakini wengi wetu huvaa mitumba. Shati hupatikana mwezi huu, suruali mwezi ujao, viatu Mungu akijalia. Amri hiyo inapogeuzwa kipimo cha tabia, hupima mfuko wa mtu na kudai kwamba imepima akili yake.

Niliwahi kukaa katika jopo la usaili wa kazi ya ukarani. Aliingia kijana, akajibu vizuri, akatoka. Mjumbe mmoja akasema, "Mkanda wa kahawia na viatu vyeusi! Huyu hajali." Mimi nilikuwa nimeona viatu vilivyopigwa dawa hadi kwenye visigino, shati jeupe lenye mikunjo ya pasi iliyonyooka, na mkanda ulioongezwa tundu kwa msumari ili umtoshe. Kama huko si kujali, sijui kujali ni kupi. Nililisema hilo pale pale. Kazi akapewa mwingine.

Sisemi kwamba kila kitu kinakwenda na kila kitu. Jicho lina haki yake. Mwenye nguo chache na aanze na rangi tulivu: nyeupe, kijivu, kaki, bluu iliyokoza. Hizo huvaana zenyewe kwa zenyewe, kisha aongeze moja tu yenye sauti. Shati la maua lipewe suruali isiyo na michoro. Mwenye kikoi chenye mistari na achague shati linalofuata mmoja wa mistari ile, tena ule mwembamba, maana mpana umekwisha jisemea.

Kabla ya kulipa, toka na nguo mlangoni uitazame juani. Chini ya taa ya tyubu, nyeusi na bluu iliyokoza ni pacha, nje hukanana. Na suruali nyeusi igeuze ndani nje uianike kivulini, kwani jua huifanya ielekee kutu, halafu kila koti jeusi litaisuta.

Haya anaweza kuyafanya mtu mwenye mashati mawili. Ndiyo maana nayapenda kuliko amri ya mkanda: yanadai jicho na subira, vitu ambavyo maskini hapungukiwi. Ukikutana na mtu aliyevaa rangi zisizofanana, tazama kwanza kama zinapatana. Na zisipopatana, tazama kama ni safi, kisha umsikilize anasema nini.