Ralph Mooney na Sanaa ya Kujibu

Wapenzi wa muziki wa kantri wa Afrika Mashariki, hasa Kenya ambako sauti ya Jim Reeves imekaa redioni miaka nenda miaka rudi, huwajua waimbaji kwa majina na hata kwa kikohozi. Wanaomjua Ralph Mooney ni wachache, ingawa wengi wamemsikia bila kujua. Ukiwahi kusikiliza Merle Haggard wa mwaka 1966 au Waylon Jennings wa mwaka 1974, basi ile sauti angavu inayochomoza mwimbaji anapomaliza mstari, ikatamka jambo moja kali na kunyamaza, ni ya Mooney. Ndiye pia aliyetunga, pamoja na Chuck Seals, mojawapo ya nyimbo kubwa kabisa katika historia ya kantri.

Tuanze na chombo chake, maana asiyekijua hawezi kuupima ufundi wa mtu huyu. Ni gitaa liitwalo stili ya pedeli, nalo halibebwi begani. Husimama kwa miguu yake yenyewe, na mpigaji huketi nyuma yake. Nyuzi zimeinuliwa mbali na ubao, kwa hiyo hazibonyezwi kwa vidole. Mkono wa kushoto huteleza juu yake na kipande kizito cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, nao mkono wa kulia hudonoa, dole gumba likiwa limevaa kucha ya plastiki na vidole viwili vikiwa na kucha za chuma. Chini kuna pedeli. Katika ulinganishaji wa nyuzi uitwao E9, pedeli moja hupandisha noti kwa toni nzima, ya pili hupandisha noti nyingine kwa nusu toni, na noti ya tatu hubaki ilipokuwa. Zote zinalia wakati mmoja. Sikio linasikia sauti mbili zikihama nyumba huku ya tatu ikikataa kutoka, na hapo ndipo kilio cha kantri kinapozaliwa. Mwaka 1954 Wamarekani walikisikia waziwazi katika wimbo wa Webb Pierce, "Slowly", ambamo Bud Isaacs aliikanyaga pedeli wakati nyuzi zingali zinalia. Baada ya hapo wapigaji stili wengi walikimbilia karakana kuongeza pedeli kwenye magitaa yao.

Kuna pedeli nyingine tena, ya mguu wa kulia, inayopunguza na kuongeza sauti. Wapigaji wengi huitumia kuficha mdonoo: wanadonoa kimya, kisha wanafungua sauti polepole, noti inaingia kwa kunyata na kuvimba. Ni namna nzuri, na imewaliza watu wengi. Mooney alifuata njia yake. Yeye alitaka mdonoo usikike. Alidonoa, akazima uzi papo hapo kwa ukingo wa kiganja, akadonoa tena, na noti zake zikatoka kama bisi zinapoanza kupasuka sufuriani: moja, kimya, mbili kwa pamoja, kimya kifupi zaidi. Stili, ambayo kwa asili yake hupenda kuteleza na kurefusha, mikononi mwake ilijifunza kusema kwa mkato. Gitaa lililohusishwa naye sana enzi hizo ni Fender 1000, lenye shingo mbili za nyuzi nane nane na pedeli zilizovuta nyuzi kwa nyaya.

Mkato ule ulikuwa na sababu yake. Mooney alizaliwa tarehe 16 Septemba 1928 huko Duncan, Oklahoma, akahamia California angali mtoto, akakaa kwa dada yake. Shemeji yake ndiye aliyemfundisha gitaa, fidla na mandolini. Maelfu ya watu wa Oklahoma walikuwa wameshika njia hiyohiyo, wakisukumwa na ukame, vumbi na mashamba yaliyokufa, wakaenda kuchuma pamba na matunda na kufanya kazi kwenye visima vya mafuta kuzunguka mji wa Bakersfield, California. Jioni walitaka kucheza dansi. Kumbi zao zilikuwa na kelele, ngoma zilipigwa kwa nguvu, na gitaa la Telecaster lilikata hewa kama lilivyotaka. Kwa kupiga kwa kunyata usingesikika zaidi ya meza ya kwanza. Wakati huohuo studio za kantri za Nashville zilikuwa zinaelekea kwenye zulia la vinanda vya uta na kwaya nyuma ya mwimbaji, na Jim Reeves tunayempenda huku kwetu ni wa upande huo. Mooney ni wa upande wa pili, wa kuta za mbao na viatu vyenye vumbi, na mimi naamini bila yeye muziki wa California usingepata ulimi wake.

Wimbo wake aliupata kwa machungu. Mwaka 1949 mkewe aliondoka kwa sababu ya ulevi wake, na Mooney akaandika "Crazy Arms". Wazo lake ni rahisi na ni la kweli kabisa: kichwa kimeshakubali kwamba mpenzi amekwenda, lakini mikono haijakubali, bado inajinyoosha kumkumbatia. Watunzi wengi wa huzuni huandika juu ya moyo. Mooney, mtu aliyeishi kwa mikono yake, aliiweka huzuni mle mikononi. Mkewe alirudi, wakazeeka pamoja.

Mwimbaji Ray Price aliurekodi wimbo huo mwanzoni mwa Machi 1956, na ukakaa namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard kwa wiki 20, mwaka uleule ambao Elvis Presley alikuwa anafagia kila kitu. Besi ya rekodi hiyo ya Price haikugonga mara mbili katika kipimo kama ilivyozoeleka. Ilitembea hatua nne kamili, na mwendo huo ukawa ndio mwendo wa dansi wa kumbi za Texas hadi leo. Mwaka huohuo kijana mmoja aitwaye Jerry Lee Lewis aliuchagua kuwa wimbo wa rekodi yake ya kwanza katika kampuni ya Sun, Memphis. Na stili katika rekodi ya Ray Price? Ilipigwa na Jimmy Day. Mtunzi hakuwamo kabisa katika rekodi iliyoupa wimbo wake uhai.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa studio. Mpigaji wa studio huitwa kwa kipindi cha saa tatu, ambamo hutazamiwa kumaliza nyimbo tatu au nne ambazo pengine hajawahi kuzisikia. Hulipwa kima kilichopangwa na chama cha wanamuziki, wimbo ufe kesho au uuze milioni. Jalada la albamu za miaka ile mara nyingi halikumtaja. Ndani ya muda huo mfupi alipaswa kusikia maneno, kujua yanaumia wapi, na kuamua atie nini na wapi asitie kitu. Stili inayosikika katika "Under Your Spell Again" ya Buck Owens, ya mwaka 1959, ni yake. Alikuwa katika bendi ya Wynn Stewart, mwimbaji mwingine aliyestahili sifa kuliko alizopata, walipokuwa wakipiga Las Vegas mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1962 bendi hiyo ilimchukua mpiga besi kijana aliyekuwa ametoka gerezani San Quentin muda si mrefu, jina lake Merle Haggard.

Haggard alipopata mkataba na kampuni ya rekodi ya Capitol, hakusahau ile sauti. Katika "Swinging Doors" na "The Bottle Let Me Down", zote za mwaka 1966, Mooney yumo. Huu wa pili nimeusikiliza mara nyingi mno na bado unanishangaza. Mwimbaji anakunywa ili asahau, na usiku huu pombe imemsaliti, kumbukumbu zimekuja. Mpigaji wa kawaida angelia naye. Mooney anampa noti kali, zenye nuru, karibu na furaha. Naisikia kama baa yenyewe inavyoendelea kuchangamka pembeni ya mtu anayezama. Kama Haggard angezungukwa na majonzi matupu, tungemhurumia na kumsahau. Kwa kuwa stili inacheka kidogo, upweke wake unaonekana wazi. Aliyepiga hivyo alijua ulevi, na alijua kutunga. Ndiyo maana majibu yake hayakanyagi neno hata moja: anasubiri silabi ya mwisho itue, anaingia, anatoka kabla mwimbaji hajavuta pumzi.

Pamoja na mpiga gitaa James Burton alitoa kwa Capitol, katika miaka hiyohiyo ya 1960, albamu ya ala tupu, "Corn Pickin' and Slick Slidin'". Inafaa kwa anayetaka kuuchunguza mkono wake peke yake, ingawa mimi bado nampenda zaidi akiwa na mwimbaji mbele yake.

Mwaka 1970 alijiunga na Waylon Jennings, akakaa naye miaka kama 20. Muziki wa Waylon ulikuwa mzito, ngoma ya chini ikipiga mapigo yaleyale bila kuchoka. Juu ya uzito huo Mooney ndiye aliyeruka. "Rainy Day Woman" ya mwaka 1974 ni mali yake karibu sawa na ya Waylon. Mwaka 1983 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa wapigaji stili, heshima ambayo wapigaji wenzake walikuwa wameshampa zamani.

Mooney alipokuwa amepita miaka 80, mwimbaji Marty Stuart alimwita kwenye Studio B ya Nashville kwa ajili ya albamu "Ghost Train", iliyotoka mwaka 2010. Walirekodi "Crazy Arms" bila mwimbaji. Maneno yote aliyoyaandika mwaka 1949 ameyapiga kwa stili, mstari kwa mstari, na vidole bado vina ule mdonoo wake. Alifariki tarehe 20 Machi 2011 nyumbani kwake Kennedale, Texas, akiwa na miaka 82.

Anayetaka kumjua aanze na "Swinging Doors". Asikilize mara ya kwanza kama kawaida, kwa ajili ya Haggard. Mara ya pili aache maneno yapite na afuate tu kinachotokea kati ya mstari na mstari. Kisha aweke "Crazy Arms" ya Marty Stuart, ambamo stili imepewa nafasi yote, asikie Mooney anaimbaje.