Sauti ya pili ya Skeeter Davis

Kwa miaka mingi nilichukulia "The End of the World" kama wimbo wa kuachwa, ule unaopigwa redioni Jumapili asubuhi mzee akipaka viatu rangi. Chati nazo zinatosheka na hapo. Mwaka 1963 wimbo huo uliingia kumi bora kwenye kantri, pop, R&B na nyimbo laini huko Marekani, na kwa msanii wa Nashville hiyo si mchezo.

Lakini Sylvia Dee, aliyeandika maneno, alikuwa anamlilia babake. Halafu sikiza vizuri: Skeeter anajiitikia mwenyewe. Zamani sauti ya pili ilikuwa ya rafikiye, Betty Jack Davis. Betty Jack alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1953, na wimbo wao ukafika namba moja ya kantri yeye akiwa kaburini. Baadaye, Chet Atkins akiwa produza, Skeeter alirekodiwa sauti juu ya sauti.

Wanaosema wimbo una sukari nyingi wamesikia vinanda tu. Karibu na mwisho anaacha kuimba, anaongea. Hapo hakuna wa kumwitikia.