Jinsi ya Kuitambua Aerojeli Nzuri

Anayeishika aerojeli, yaani jeli iliyokaushwa bila vitundu vyake kubomoka, kwa mara ya kwanza hushangazwa na wepesi wake, na hapo ndipo anapoanza kuipima vibaya. Wepesi peke yake si ubora. Tafuta vitundu vidogo vinavyolingana.

Weka kipande cha aerojeli ya silika mbele ya kitambaa cheusi. Kilicho kizuri huonyesha ubuluu hafifu kama moshi wa kuni. Kikinge taa nacho, utaona umanjano. Hakuna rangi iliyotiwa, ni mwanga tu unaotawanywa na maumbile ya nanomita chache. Kikiwa na ukungu mweupe, vitundu vimekuwa vikubwa mno au vimepishana.

Sasa kagua kingo, utafute nyufa zilizoachwa na ukaushaji. Jeli ikiachwa ikauke yenyewe, kimiminika kinachotoka huvuta kuta za vitundu na kuzibomoa. Mmarekani Samuel Kistler, aliyetangaza kazi yake mwaka 1931, aliepuka hilo kwa kuipasha jeli joto chini ya shinikizo kubwa, mpaka tofauti ya kimiminika na gesi ikatoweka. Siku hizi wengi hutumia kaboni dayoksaidi, inayofikia hali hiyo kwenye nyuzi 31 tu za Selsiasi. Fundi mwenye haraka ya kushusha shinikizo huachia nyufa. Na tafadhali, usijaribu kwa tone la maji: silika isiyokingwa hulinyonya, ikabomoka hapo hapo.

Kwangu mimi, kilele cha ufundi huu ni aerojeli ya chombo cha angani Stardust. Mwaka 2004 kilipita karibu na nyotamkia Wild 2, vumbi lake likiigonga aerojeli hiyo kwa kilomita 6.1 kwa sekunde. Vipande vilitengenezwa vyepesi zaidi usoni na vizito kadiri unavyoingia ndani, ili chembe ipunguzwe mwendo taratibu. Uwazi nao ulikuwa na kazi: sampuli ziliporudi Utah mwaka 2006, watafiti walifuata kwa macho njia ya kila chembe.

Kwenye magari ya Mirihi, Spirit na Opportunity, uwazi ungekuwa kasoro. Huko aerojeli ilizuia joto lisitoroke, ikachanganywa grafiti ili inase mnururisho wa joto.

Kuhusu nguvu, silika hubeba mzigo uliotandazwa sawasawa lakini haivumilii kupindwa. Aerojeli za polimaidi, zilizoendelezwa katika kituo cha Glenn cha NASA, hukunjika zikiwa nyembamba. Hizo zikunje bila woga. Ukiikunja ya silika, andaa ufagio.