Mnyama Kabla ya Sitiari: Mstari wa Theresa Musoke

Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulifikisha twiga katika baraza la mfalme Yongle wa China. Waliompokea walimwona qilin, mnyama wa heri ambaye kutokea kwake ni ushahidi wa utawala mwema. Twiga wa pwani yetu alifasiriwa kabla ya kutazamwa. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nao mara nyingi hufanya vivyo hivyo: sungura ni mnyonge mwerevu, fisi ni mlafi, simba ni mtawala. (Mitihani imetufikisha hapa kuliko nadharia.)

Kwa sababu hiyo tunapendekeza wanafunzi wa fasihi watazame wanyama wa Theresa Musoke. Msanii huyu wa Uganda alisoma Makerere katika miaka ya 1960, akasomea uchapaji wa picha katika Royal College of Art, London, kisha akaishi na kufundisha Kenya kwa takriban miaka 20.

Mojawapo ya mbinu za uchapaji huo ni mchoro wa asidi. Bamba la shaba au zinki hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha asidi ikala pale tu palipokwaruzwa. Wino huingia katika mifereji hiyo, na karatasi hupokea picha iliyogeuka, kushoto kuwa kulia. Mstari ulioliwa na asidi haufutiki kwa urahisi; mchoraji hulazimika kujua mgongo wa mnyama unapindia wapi kabla ya kuutaka umaanishe lolote.

Nidhamu hiyo ya mstari tunaihisi kwa Musoke hata katika batiki na rangi. Wanyama wake hawakukatwa wakatengwa na mandhari. Jicho hupata pembe kwanza, kisha shingo, kisha hugundua kwamba kilichodhaniwa kuwa nyasi ni miguu ya kundi zima.

Yupo atakayesema kuwa hizi ni picha za kuuziwa watalii. Hapa Malindi, penye twiga wa mbao madukani, hoja hiyo haipuuziki. Lakini twiga wa dukani humalizika kwa mtazamo mmoja. Mnyama wa Musoke humchelewesha mtazamaji, na uchelewesho huo ndio uhakiki wetu unaoukosa. Mhakiki atakayezirudia ngano za Wagiriama baada ya kumtazama huenda akauliza kwanza fisi anatembeaje, ndipo aulize fisi ni nani.