Ulipoangukia na Ulipojikwaa: Uhakiki wa Ujumbe wa Kukwama kwa Kerneli

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika makala hii ninahakiki matini fupi ambayo wengi wetu tumewahi kuiona bila kuisoma: ujumbe unaotokea pale kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, inapokwama. Kigezo changu ni kimoja: je, matini hiyo inamsaidia msomaji kulifikia kosa?

Nianze na skrini ya bluu ya Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, skrini hiyo ilichora uso wa huzuni na kueleza kwa upole kwamba kompyuta imepata tatizo na itawashwa upya. Chini yake kulikuwa na jina la kosa, na pengine jina la faili iliyohusika. Maelezo mengine huhifadhiwa katika faili ambayo mtumiaji wa kawaida hajui kuifungua. Fani yake ni laini, lakini maudhui ni haba.

Ujumbe wa Linux, uitwao "oops", hauna pole. Hutaja anwani ya kumbukumbu iliyoguswa kimakosa, yaliyomo katika rejesta, kisha orodha ya funksheni zilizokuwa zikiitana. Orodha hiyo hutumia mbinu rejeshi: ya juu ndiyo iliyoitwa mwisho, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyorudi nyuma. Udhaifu wake ni kwamba lugha yake ni ya wale wanaojua tayari.

Tofauti hii si ya mapambo tu. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilikwama, zikiwemo za mashirika ya ndege na hospitali. Skrini nyingi zilitaja csagent.sys, draiva ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike. Ni kweli, hapo ndipo zilipoangukia. Lakini uchunguzi wa kampuni hiyo ulionyesha kwamba kanuni mpya ilidai thamani 21 ilhali programu ilitoa 20 tu. Ilipotafuta ya 21, ikasoma nje ya mipaka ya kumbukumbu yake. Kutolingana huko kulikuwamo tangu toleo la Februari, kukisubiri siku ya kuguswa.

Waswahili husema: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Hata "oops" haimwonyeshi msomaji jiwe lenyewe, ila humpa nyayo za kufuata kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo ninaipa ubora zaidi, pamoja na ukali wake. Mwaka 2025 Microsoft iliuondoa uso wa huzuni na kuleta skrini nyeusi. Rangi imebadilika, nyayo bado hazionekani kwenye skrini. Msomaji aliyekwama hahitaji kubembelezwa tu, anahitaji ushahidi.