Istilahi za Usumaku na Umeme Katika Baridi Kali

Ni desturi ya wengi wetu, tukutanapo na istilahi ngeni ya sayansi, kuivunja vipande, kutafuta kisawe cha kila kipande, kisha kuviunga vipande hivyo upya kwa Kiswahili. Njia hii ni ya haraka na mara nyingi imetufaa. Hata hivyo ina kasoro moja kubwa: hutafsiri jina, haitafsiri kitu. Pale ambapo jina la kigeni lenyewe lilitolewa kabla kitu chenyewe hakijafahamika vema, tafsiri ya vipande hurithi kosa la mwenye jina na kuliongezea letu. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza njia hiyo kwa kutumia istilahi za tawi moja la fizikia, yaani tabia za usumaku na za umeme za fuwele katika halijoto za chini sana.

Halijoto hizo (wasomaji waliozoea neno jotoridi wajue kwamba ni kitu kilekile) hupimwa kwa kelvini, kipimo kianziacho kwenye sifuri halisi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Tangu mwaka 1967 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliondoa neno la nyuzi mbele ya kipimo hiki. Kwa hiyo yafaa kuandika kelvini 4, si nyuzi 4 za kelvini.

Tuanze na neno linalojipendekeza upesi: kipitishi kikuu. Mwaka 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, ilionekana kwamba zebaki ikipozwa hadi karibu kelvini 4.2 ukinzani wake wa umeme hutoweka ghafla, hata vyombo visiweze kuupima. Anayesoma kipitishi kikuu atadhani kwamba vipitishi vimepangwa katika ngazi, vibovu chini na vizuri juu, na kwamba hicho kikuu kimekaa kidato cha juu kabisa. Ngazi hiyo ingekuwa ya kweli, fedha na shaba, ambazo katika halijoto ya kawaida huzipita metali nyingine zote kwa kupitisha umeme, zingetangulia kukifikia kidato hicho. La hasha. Fedha, shaba na dhahabu hazijaonekana kuingia katika hali hiyo hata kwa baridi kali iliyokwisha kufikiwa, ilhali risasi na zebaki, zilizo vipitishi hafifu zikilinganishwa nazo, huingia. Risasi huingia kwenye kelvini 7.2. Neno kikuu, basi, si pungufu tu. Husema jambo lisilo kweli.

Tena kutoweka kwa ukinzani ni nusu ya habari. Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha kwamba metali ikiingia katika hali hiyo huufukuza nje uga sumaku uliokuwa umepenya ndani yake. Kipitishi ambacho sifa yake ni kukosa ukinzani tu kisingefanya hivyo. Kingeushikilia uga huo kama ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo hata kipitishi kisokinzani, neno ambalo angalau husema kweli, halitoshi. Sisi twaonelea heri neno la mkopo, superkondakta. Huenda mtu akauliza: je, neno hilo halikubeba kosa lilelile la ukuu? Limelibeba, lakini ndani ya mzigo uliofungwa. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo halina maana ila ile atakayopewa na fasili, na fasili inaweza kumpa nusu zote mbili. Neno la mkopo hunyamaza likingoja kuelezwa. Neno bovu la kubuni huanza kueleza kabla ya mwalimu.

Hili si jambo la wanafizikia peke yao. Mashine nyingi za MRI katika hospitali, hapa Afrika ya Mashariki na kwingineko, hutumia sumaku iliyotengenezwa kwa nyaya za superkondakta, aghalabu aloi ya niobiamu na titaniamu iliyopozwa kwa heliamu kimiminika. Mkondo ukishaanzishwa katika nyaya hizo huendelea kuzunguka bila kulishwa. Kwa hiyo sumaku hubaki na nguvu zake usiku na mchana, hata mgonjwa ameshaondoka na taa zimezimwa. Mhudumu anayeingiza mtungi wa chuma wa oksijeni katika chumba hicho anaweza kuua mtu. Tukimwambia kwamba humo mna kipitishi kikuu, pengine atakumbuka nyaya nene za umeme na kuchunga asizishike, asijue kwamba hatari iko kwenye mtungi alioushika mwenyewe. Istilahi inayofikirisha pasipo hapo ina gharama, na gharama hiyo halipi aliyeiunda.

Tuje sasa kwenye usumaku, ambako kosa la vipande limejificha zaidi. Iko aina ya fuwele ambazo kila atomi yake, au nyingi miongoni mwa atomi zake, ni sumaku ndogo, na sumaku hizo hujipanga kwa kupishana: moja imeelekea juu, jirani yake chini. Jumla yake ni sifuri, na kipande kizima hakivuti msumari. Louis Néel wa Ufaransa aliueleza mpangilio huo katika miaka ya 1930, na mwaka 1970 alipata Tuzo ya Nobel. Jina la kimataifa la hali hiyo limeanza na kiambishi cha upinzani, na mfasiri wa vipande mara huandika usumaku pinzani au kinyumesumaku. Msomaji naye huelewa kwamba hapo hapana usumaku, au kwamba kitu hicho huupinga.

Mfano wa mchezo wa kuvuta kamba utatusaidia. Pande mbili zikiwa na nguvu sawa, kamba haiendi huku wala kule. Mpita njia atazamaye kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba atasema hakuna avutaye, na atakuwa amekosea sana. Ndivyo ilivyo katika fuwele hizi. Mwaka 1949 Clifford Shull na J. Samuel Smart, huko Marekani, waliielekeza miali ya nyutroni kwenye oksidi ya manganizi iliyopozwa hadi kelvini 80, na mpangilio wa kupishana ukaonekana waziwazi, ingawa kwa nje oksidi hiyo haikuonyesha usumaku wa jumla. Kwa hali hii tunapendekeza usumaku futani, kwa kuwa sumaku zake hufutana. Neno pinzani na libaki kwa lile linalolistahili: tabia hafifu ya maji, shaba na bismuthi ya kuupinga uga sumaku ulioletwa kutoka nje. Tukilitoa neno hilo kwa asiye wake, mwenyewe atakosa jina. Na ikumbukwe kwamba superkondakta, inayoufukuza uga huo, ndiyo yenye upinzani uliokamilika.

Faida ya kutenganisha maneno haya mawili yaonekana katika oksidi za shaba. Mwaka 1986, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Georg Bednorz na Alex Müller waligundua kwamba oksidi ya lanthanamu na shaba, ikitiwa kiasi kidogo cha bariamu, huanza kuwa superkondakta karibu na kelvini 35, jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Mwaka 1987 oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba ikafikia kelvini 93, juu ya kelvini 77 ambapo nitrojeni huchemka. Oksidi ya lanthanamu na shaba ikiwa safi haipitishi umeme, nayo ina usumaku futani. Bariamu ikiongezwa, mpangilio ule wa kupishana huvunjika na usuperkondakta hujitokeza. Jinsi usumaku huo unavyohusiana na usuperkondakta ni swali ambalo wanafizikia hawajakubaliana jibu lake hadi leo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba oksidi hiyo haina usumaku hawezi hata kuliona swali lilipo. Istilahi imemfungia mlango ambao sayansi yenyewe ingali imeuacha wazi.

Fuwele hizi, kwa kuongezea, zimepewa jina la superkondakta za halijoto ya juu. Anayesikia halijoto ya juu hukumbuka jiko, kumbe kelvini 93 ni nyuzi 180 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ujuu huo ni wa kulinganisha tu na zile zilizotangulia. Hatudai jina libadilishwe, kwa kuwa limeenea duniani kote. Twadai kwamba kamusi isiliache bila kutaja kiwango.

Jozi nyingine yenye matata ni ile inayotokana na neno la Kilatini la chuma. Tukikopa kwa sauti tu, hali mbili tofauti hutenganishwa na irabu moja, fero na feri, na kosa moja la mpiga chapa latosha kuharibu somo zima. Tukitafsiri, tutapata usumaku-chuma, nao utawahusu nikeli, kobalti na gadoliniamu, ambazo si chuma, na utaiacha nje magnetaiti, madini ya chuma yaliyowafunza watu sumaku tangu kale. Katika magnetaiti, kama Néel alivyoeleza mwaka 1948, kati ya kila atomi tatu za chuma mbili zimeelekea upande mmoja na moja upande wa pili. Kamba huvutwa na pande zisizo sawa, na nguvu iliyosalia ndiyo tuionayo. Twapendekeza usumaku shirikishi kwa hali ambayo atomi zote huelekea upande mmoja, na usumaku futani pungufu kwa hali ya magnetaiti. Hilo la pili ni refu, lakini hutangaza ukoo wake.

Magnetaiti hiyohiyo yatupa onyo la mwisho. Evert Verwey alionyesha mwaka 1939 kwamba ikipozwa chini ya kelvini 120 hivi, upitishaji wake wa umeme hushuka ghafla kiasi cha mara mia. Fuwele hubadili umbo, lakini usumaku wake haupotei, wala haiachi kuwa yabisi. Tukiyaita haya badiliko la hali, msomaji atafikiri juu ya barafu na maji. Nalo neno hali limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Yafaa tuseme mpito, kisha tutaje ni mpito wa nini: wa umeme, wa usumaku au wa umbo la fuwele.

Kwa ufupi, kanuni tunayoipendekeza ni hii. Muundaji wa istilahi aulize kwanza kitu hufanya nini, ndipo aulize huitwaje kwingine. Akiweza kulisema tendo hilo kwa neno fupi la Kiswahili, kama kufutana, aunde bila hofu. Asipoweza, akope, na aandike fasili iliyokamilika. Asichoruhusiwa ni kuunda neno lenye sura ya Kiswahili ambalo mwalimu atalazimika kulikanusha kila alitajapo. Mapendekezo yetu hapa yako wazi kusahihishwa na walimu wa fizikia, maana wao ndio watakaoyatamka mbele ya wanafunzi.