Hesabu ya Kiti cha Ndege: Vijana wa Mboya Walivyofika Marekani

Nairobi, Benghazi, Luxembourg, Iceland, Newfoundland, New York. Hiyo ndiyo njia aliyopita Wangari Maathai alipoondoka Kenya Septemba 1960, akiwa na miaka 20 na cheti cha sekondari ya Loreto, Limuru. Alikuwa mmoja wa wanafunzi mia tatu hivi waliosafirishwa mwaka huo kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa mwanasiasa Tom Mboya. Mengi yameandikwa juu ya mpango ule kama kisa cha siasa: Kennedy, Nixon, Vita Baridi. Mimi leo nataka kuutazama kama fundi anavyoitazama mashine. Ulifanyaje kazi? Na ulilegea wapi?

Tuanze na hiyo njia yenyewe, maana inachekesha ukiichora kwenye ramani. Mtu wa Nairobi anayekwenda Amerika anapelekwa kaskazini hadi karibu na barafu, kisha anateremshwa. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi ya kuvuka Atlantiki kutoka Ulaya hupinda juu kuelekea kaskazini. Isitoshe, ndege nyingi za kukodi za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuvuka bahari kwa mruko mmoja zikiwa zimejaa abiria, hasa kuelekea magharibi, ambako upepo huzipiga usoni na kula mafuta. Kwa hiyo zilirukaruka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: Iceland jiwe moja, Newfoundland jiwe jingine. Kutoka Nairobi hadi Benghazi peke yake ni kama kilomita 4,000, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni jangwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana Mwafrika wa Kenya aliyetaka shahada alikuwa na milango michache sana. Kulikuwa na Makerere, yenye nafasi za kuhesabika kwa Afrika Mashariki nzima. Kulikuwa na nafasi chache za Uingereza, zilizogawiwa na serikali ile ile ya kikoloni isiyokuwa na haraka ya kuona Waafrika wenye shahada. Mboya alipozunguka Marekani mwaka 1959 akihutubia chuo baada ya chuo, aligundua jambo ambalo wengi hawakuliona. Ufadhili haukuwa shida kubwa. Vyuo vidogo, vingi vikiwa vya makanisa, vilikuwa tayari kumpokea mwanafunzi mmoja au wawili na kuwasamehe karo. Kilichowakwamisha vijana kilikuwa nauli. Mtu alikuwa na barua ya kukubaliwa chuoni mkononi, na barua ile ikazeeka sandukuni kwa sababu baba yake, hata akiuza ng'ombe wote zizini, hafikishi bei ya tiketi.

Hapo ndipo ninapoona ufundi wa Mboya. Hakujaribu kutatua tatizo zima la elimu ya juu. Alitafuta pingili moja iliyokuwa inakata mnyororo, akaishughulikia hiyo. Na bahati nzuri alikuwa na rafiki aliyeijua biashara ya ndege: William Scheinman, mfanyabiashara Mmarekani aliyekuwa akiuza vipuri vya ndege. Watu wa aina hiyo hawashangai ukiwaambia habari ya kukodi ndege nzima.

Tiketi hununuliwa kichwa kwa kichwa, ilhali ndege ya kukodi hulipiwa nzima, iwe imejaa au ina watu kumi. Ukiweza kuijaza, nauli ya kila mtu inashuka sana. Usipoijaza, umepata hasara ambayo hakuna wa kukurudishia. Maana yake ni kwamba kazi ngumu haikuwa angani. Ilikuwa Nairobi, miezi kadhaa kabla, kuhakikisha kwamba siku ya safari kila kiti kina mtu, na kila mtu ana barua ya chuo, pasi, viza, cheti cha chanjo na fedha kidogo za kuanzia maisha. Na siku yenyewe haikuweza kusogezwa, kwa kuwa vyuo vya Marekani wakati ule vilifungua mwaka wa masomo Septemba. Kijana mmoja kuchelewa pasi ni kiti kitupu. Ishirini kuchelewa ni mpango kuvunjika.

Kazi ya kuchuja majina aliifanya Mboya pamoja na Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Hao wawili walikuwa wamesoma Marekani wenyewe, Kiano akiwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu. Walijua chuo kinauliza nini na ofisi ya viza inataka kuona nini. Uzoefu wa namna hiyo haununuliki. Vijijini nako familia zilifanya michango, zikaandaa tafrija za chai, zikauza mifugo na hata mashamba ili kujaza pengo lililobaki.

Upande wa pili wa bahari fedha ya ndege ilitafutwa na taasisi aliyoianzisha Scheinman na wenzake, African-American Students Foundation. Barua za kuomba michango zilitiwa saini na watu ambao Mmarekani wa kawaida aliwajua: Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier. Maelfu ya watu walituma walichokuwa nacho. Tarehe 9 Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

(Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais, hutajwa mara nyingi kama abiria wa ndege ile. Hakuwamo. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo kwa njia yake mwenyewe.)

Mafanikio ya 1959 yalileta tatizo la 1960: majina yaliongezeka mara tatu na zaidi, yakiwemo ya Tanganyika, Zanzibar, Uganda na nchi za kusini mwetu, lakini michango midogo midogo haikuweza kukua kwa kasi hiyo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa, ikakataa. Julai 26 Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, aliyekuwa anagombea urais, na taasisi ya familia yake ikatoa dola 100,000. Kambi ya mpinzani wake, Nixon, ilipopata habari, wizara ile ile iliyokataa ikarudi na ahadi ya kiasi hicho hicho. Ilikuwa imechelewa. Ugomvi wa kambi hizo mbili ukaingia katika Seneti na magazetini, na wanafunzi wakapata viti vyao.

Mpaka hapo mashine inakwenda vizuri. Nikiuliza ililegea wapi, nasema: baada ya kutua.

Waandaaji hawakuwatupa vijana uwanjani. Walipokewa New York, wakapewa maelekezo, ndipo wakatawanywa. Tatizo ni kutawanywa kwenyewe. Mpango uliotegemea vyuo vidogo vidogo ulilazimika kupeleka watu popote pale vyuo vilipo, na Wangari alipangiwa Mount St. Scholastica, chuo cha masista Wabenediktini katika mji wa Atchison, Kansas. Baada ya miruko yote ile, baada ya kuziona lifti na ngazi za umeme za New York kwa mara ya kwanza, alibakiwa na karibu kilomita 2,000 za basi. Ameeleza katika kitabu chake *Unbowed* kwamba basi liliposimama Indiana, yeye na wenzake waliingia mkahawani kutafuta kinywaji baridi. Wakaambiwa hawaruhusiwi kukaa ndani kukinywa.

Kisa hiki nakipima kama fundi pia. Hakuna ratiba ya ndege inayoweza kupanga tabia ya mwenye mkahawa, hilo nakubali. Lakini kuwapeleka vijana wawili watatu kila mji mdogo kulimaanisha kwamba kila mmoja alifika akiwa karibu peke yake. Wapo waliopata walezi wa kweli, Wangari akiwa mmoja wao kwa masista wale. Wapo waliokuta karo imesamehewa lakini chakula, koti la baridi na vitabu havina mwenyewe, wakaosha vyombo usiku ili wasome mchana. Bajeti iliyopigwa vizuri hadi mlango wa ndege ilikuwa nyembamba kuanzia hapo, na barua za kuomba msaada zilirudi kwa taasisi ile ile iliyokuwa inahangaika kukodi ndege ya mwaka unaofuata.

Hata hivyo, nikipewa mpango huu niutolee alama, naupa za juu. Kati ya 1959 na 1963 ulipeleka karibu wanafunzi 800, na Kenya ilipopata uhuru wahitimu wa kwanza walikuwa tayari wanarejea kujaza ofisi zilizokuwa zikiachwa na Waingereza. Wangari alimaliza shahada ya biolojia Kansas mwaka 1964, akaenda Pittsburgh kwa ya pili. Ile njia ya kurukaruka nayo imefupika: tangu Oktoba 2018 ndege hutoka Nairobi ikatua New York bila kukanyaga jiwe lolote katikati, kwa saa 15 hivi.

Mboya mwenyewe alisoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, na hakupata shahada. Aliyopewa na Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1959 ilikuwa ya heshima.